Excel isiyotaka kufa: kutafuta kosa pale Haskell inapokutana na COM

Ripoti imeandikwa, faili limehifadhiwa, programu yako ya Haskell imemaliza kazi bila kelele. Unafungua Task Manager, unakuta EXCEL.EXE bado imekaa humo. Unaizima kwa mkono. Kesho yake ziko saba. Mara ya kwanza nilipokutana na jambo hili, mhasibu mmoja aliniita akisema kompyuta yake "imechoka". Nilihesabu Excel kumi na nne zisizoonekana, kila moja imeng'ang'ania daftari la siku yake, na zote zilizaliwa na msimbo wangu mwenyewe.

Maelezo haya ni ya mtu aliyeamua kuunganisha lugha ya fanksheni na vijenzi vya COM, yaani vipande vya programu ambavyo havijali vinaitwa kutoka lugha gani. Nitatumia Haskell, kompaila ya GHC na Excel, kwa sababu huko ndiko nilikochubuka magoti. Anayetumia OCaml, lugha nyingine ya fanksheni, atazikuta dalili nyingi kati ya hizi zikiwa na sura nyingine kidogo.

Kwanza, tunashughulika na kitu gani? COM, ambayo Microsoft waliitoa mwaka 1993, ni makubaliano ya jinsi baiti zinavyopangwa. Kitu cha COM ni pointa inayoelekea kwenye pointa nyingine, na hiyo ya pili inaelekea kwenye jedwali la anwani za fanksheni. Nafasi tatu za kwanza za jedwali ni zilezile kwa kila kiolesura: QueryInterface nafasi ya 0 (kuomba kiolesura kingine cha kitu hichohicho), AddRef ya 1 (kuongeza hesabu ya wanaokishika kitu), Release ya 2 (kuipunguza; ikifika sifuri kitu kinakufa). Ukiweza kusoma jedwali hilo, umeshaanza kuongea na COM:

```haskell
type Mwito = Ptr () -> IO Word32

foreign import ccall safe "dynamic"
  mwito :: FunPtr Mwito -> Mwito

release :: Ptr () -> IO Word32
release p = do
  jedwali <- peek (castPtr p) :: IO (Ptr (FunPtr Mwito))
  f <- peekElemOff jedwali 2
  mwito f p
```

Kompaila inaupitisha msimbo huu bila neno. Lakini tazama aina zake: `Ptr ()` haisemi nani mwenye mali, wala lini iachiwe, wala iguswe kwenye thredi (mkondo wa utekelezaji) ipi. Sisi wa Haskell tumezoea kuamini kwamba aina ikikubali, nusu ya kazi imekwisha. Hapa aina zimenyamaza, na karibu kila dalili iliyo hapa chini imetoka kwenye ukimya huo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa msimbo, fungua IDL ya kijenzi chako, yaani maelezo rasmi ya violesura vyake. OleView, inayokuja na zana za Windows SDK, itakuonyesha. Faili la C litakwambia tu kwamba parameta ni `BSTR *`, pointa ya maandishi ya COM. IDL itakwambia kama ni `[in]`, `[out]` au vyote viwili, na ukishajua hilo unajua pia nani mwenye deni. Ya `[in]` umeitenga wewe na utaiachia wewe. Ya `[out]` imetengwa na kijenzi, lakini wa kuiachia ni wewe. Ya `[in, out]` kijenzi kina ruhusa ya kuachia ulichoweka na kukurudishia kingine. Pointa ya kiolesura inayokuja kwa njia ya `[out]` imeshafanyiwa AddRef kabla haijakufikia, hivyo unadaiwa Release moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Sigbjorn Finne, Daan Leijen, Erik Meijer na Simon Peyton Jones walitengeneza H/Direct, chombo kilichosoma IDL na kuzalisha msimbo wa Haskell wa kuita vijenzi na wa kuitwa navyo. Waliegemea IDL kwa sababu hiyohiyo: aina ya C peke yake haina habari za kutosha. Chombo chenyewe leo ni cha makumbusho, lakini uamuzi wao haujazeeka.

Excel haifi

Anza na sababu ya bei rahisi. Weka `Visible` kuwa kweli kisha endesha programu tena ukiangalia skrini. Mara nyingi utakuta Excel imeitwa `Quit`, ikafungua kidirisha cha kuuliza kama uhifadhi mabadiliko, na inasubiri jibu kutoka kwa mtu ambaye haioni. Funga daftari wazi wazi kabla ya `Quit`, au weka `DisplayAlerts` kuwa si kweli. Dakika mbili, umemaliza.

Kama si hivyo, tafuta vitu vya katikati. Ukiandika kitu kinachofanana na `app.Workbooks.Open`, umepata pointa tatu: ya programu, ya mkusanyiko wa madaftari, na ya daftari. Watu hukumbuka ya kwanza na ya tatu. Ile ya katikati haina hata jina kwenye msimbo, kwa hiyo hakuna anayeiachia. Katika Haskell hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tunapenda kuunganisha miito kwa `>>=` na kila kiungo cha mnyororo kinameza pointa moja bila kuitaja. Dawa ni kukataa minyororo kwenye mpaka huu. Kila pointa ipate jina lake na `bracket` yake, fanksheni inayohakikisha kilichofunguliwa kinafungwa hata kosa likitokea.

Sababu ya tatu ndiyo inayowakamata wajuzi. Umefunga kila pointa ndani ya `ForeignPtr`, ukaiwekea fainalaiza (kazi ya mwisho pointa inapotupwa) inayoita Release, ukastarehe ukijua mzoa taka, yaani sehemu ya GHC inayorudisha kumbukumbu isiyotumika, atapita. Atapita, ndiyo, lakini lini? Machoni pa GHC, kitu chako ni pointa ya baiti 8. Haoni kwamba nyuma yake kuna prosesi nzima iliyokalia mamia ya megabaiti. Kumbukumbu ya Haskell haijajaa, kwa hiyo hana haraka. Unaweza kuita `performGC` kwa mkono, na kwenye majaribio ni njia nzuri ya kuthibitisha kwamba tatizo ndilo hilo: ukiiita Excel ikafa, umempata mchawi. Lakini usiiache kwenye programu ya kudumu kana kwamba ni dawa. Kitu kinachomilikiwa nje ya Haskell kiachiliwe kwa wakati unaoujua wewe, na `ForeignPtr` ibaki kuwa wavu wa mwisho tu.

Kazi yote inakwenda sawa, kisha programu inaanguka wakati wa kutoka

Huyu ni pacha wa tatizo lililotangulia. GHC inaahidi kwamba fainalaiza za C zilizofungwa kwenye `ForeignPtr` zitaendeshwa kabla programu haijaisha. Ahadi njema. Bahati mbaya wewe mwisho wa `main` umeita `CoUninitialize`, inayoifunga COM, na fainalaiza zinakuja baada yake, zinaita Release kwenye kitu ambacho COM imeshakifungia duka. Matokeo yake ni 0xC0000005, kusoma kumbukumbu isiyo yako.

Hapa tena `bracket` ndiyo jibu: `CoInitializeEx` (inayoifungua COM) na `CoUninitialize` zikae nje kabisa, pointa zote zife ndani.

Kuna sura nyingine ya kuanguka kwa fainalaiza, na GHC yenyewe inakuandikia kwamba fainalaiza ya C imerudi kuita Haskell, jambo lililokatazwa tangu toleo la 6.10.2. Hutokea hivi: umekiandikia kijenzi kinachoishi ndani ya prosesi yako msikilizaji wa matukio aliyeandikwa kwa Haskell. Mzoa taka anaachia kijenzi. Kijenzi nacho, kwa adabu, kinamwachia msikilizaji wako. Release ya msikilizaji ni msimbo wa Haskell. Na mzoa taka bado hajamaliza kazi yake. Ujumbe huo unapendekeza `newForeignPtr` ya `Foreign.Concurrent`, na inafanya kazi, ila hiyo haina ahadi ya kuendeshwa wakati wa kutoka. Chagua deni unaloweza kulilipa.

Leo inakubali, kesho inatoa 0x800401F0

Hii ilinila wiki nzima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Msimbo huo ni CO_E_NOTINITIALIZED: thredi hii haijaita `CoInitializeEx`. Unatazama msimbo wako, unaona umeiita, tena mstari wa kwanza. Tatizo ni maana ya neno "thredi". COM inahesabu thredi za Windows. `forkIO` inatengeneza thredi za Haskell, nyepesi kama karatasi, ambazo GHC inazihamisha kutoka thredi moja ya Windows hadi nyingine inavyoona yenyewe. Umejisajili ukiwa kwenye thredi ya kwanza, mwito wako wa pili umetokea kwenye ya tatu, na mlinzi wa pale hakufahamu.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba bila bendera ya `-threaded` kosa halionekani kabisa, kwa sababu miito yote inatoka kwenye thredi moja ya Windows. Siku unapoongeza `-threaded` kwa ajili ya kasi, ndipo linapochomoza, na utailaumu bendera.

Ndugu yake ni 0x8001010E, RPC_E_WRONG_THREAD. Hapo thredi imejisajili vizuri, ila kitu unachokigusa ni cha thredi nyingine. Vitu vingi vya COM, pamoja na vile unavyovipata kutoka Excel, vimefungwa kwenye apatimenti vilimozaliwa, yaani chumba cha COM ambacho mara nyingi kina thredi moja tu.

Tiba ya yote mawili: tenga thredi moja kwa `forkOS`, ambayo GHC inaifunga kwenye thredi moja ya Windows maisha yake yote. Hiyo peke yake ndiyo iite `CoInitializeEx`, ndiyo iguse pointa, ndiyo iachie. Wengine wote wapeleke maombi kwa `Chan` na kusubiri jibu kwenye `MVar`, kama foleni ya dirisha moja. Inaonekana kama kujinyima, lakini miito ya kwenda Excel inavuka prosesi na kwenye apatimenti ya thredi moja inapangwa foleni vyovyote vile, kwa hiyo hupotezi kitu. `main` tayari imefungwa hivyo ukitumia `-threaded`, hivyo programu ndogo inaweza kumaliza kila kitu ndani ya `main`.

Ikikubali ukiikompaili lakini ikakataa ndani ya GHCi (GHC ya kuandika amri moja moja), ifungue GHCi kwa `-fno-ghci-sandbox`. Bila bendera hiyo kila amri unayoandika inaendeshwa kwenye thredi mpya.

Na matukio yakiwa hayafiki kabisa ingawa usajili ulikubalika: thredi ya apatimenti ya thredi moja lazima izungushe ujumbe wa Windows, `GetMessage` kisha `DispatchMessage`. Thredi yako imekaa ikisubiri `MVar`, ujumbe umejaa mlangoni, hakuna wa kuufungua.

Programu nzima inaganda Excel inapofanya kazi

Tafuta neno `unsafe` kwenye `foreign import` zako. Mwito wa `unsafe` ni wa haraka kwa sababu GHC haijiandai: wakati uko nje, mzoa taka hawezi kuanza, na thredi zote zitakazohitaji kumbukumbu mpya zitasimama kumsubiri. Excel ikikokotoa kwa nusu dakika, wewe nawe umeganda nusu dakika. Mwito huo ukirudi kuita Haskell, kwa mfano kupitia tukio, ni kuanguka, wala si kuganda. Kwenye mpaka wa COM tumia `safe` kila mahali. Nimewahi kubishana na rafiki aliyetaka AddRef iwe `unsafe` kwa ajili ya kasi. Sikuwahi kuona programu ya ripoti iliyochelewa kwa sababu ya AddRef.

Kijenzi kimekosea lakini programu inaendelea kama kawaida

HRESULT, jibu ambalo karibu kila mwito wa COM hurudisha, ni namba ya biti 32 yenye alama, na kosa ni namba hasi. Umeitangaza kuwa `Int`, na `Int` ya GHC kwenye mashine ya biti 64 ni ya biti 64. E_NOINTERFACE, 0x80004002, ambayo ingepaswa kusomeka -2147467262, mara nyingi inasomeka 2147500034. Sharti lako la `hr < 0` halitimii kamwe, kila kosa linapita likiwa limevaa kanzu. Tumia `Int32`. Kwa ujumla, usiweke `Int` tupu kwenye mpaka. Na kumbuka `long` ya C ni biti 32 kwenye Windows ya biti 64, lakini ni biti 64 kwenye Linux ya biti 64, kwa hiyo msimbo ulionakili kutoka mradi wa Linux unaweza kukudanganya.

Usilinganishe na sifuri tu vilevile. S_FALSE ni 1, na si kosa.

Hoja zinafika zimepinduka, au zimehama

Ukipita kwenye IDispatch, kiolesura cha kuita fanksheni kwa jina wakati programu inaendeshwa, `Invoke` yake inataka hoja kwa mpangilio wa kinyume: ya mwisho ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Kwa hiyo `reverse` moja, na umepona. Kosa hili ni rahisi kulijua hoja zikiwa za aina tofauti, kwa sababu utapata 0x80020005, aina hazilingani. Zikiwa aina moja, safu na mstari vinabadilishana kimyakimya na namba zinaandikwa kwenye seli nyingine.

Hoja ya kwanza ikifika salama na zilizobaki zikawa takataka, pima ukubwa wa VARIANT (sanduku la COM linalobeba thamani ya aina mbalimbali) kwenye `Storable` yako, yaani maelezo ya Haskell ya jinsi thamani inavyokaa kwenye kumbukumbu. Ni baiti 16 kwenye prosesi ya biti 32, na baiti 24 kwenye ya biti 64. Mifano mingi ya zamani ina 16 iliyoandikwa kwa mkono.

Kusoma sifa kunakubali lakini kuiandika kunakataa? Kuandika kunahitaji hoja iliyopewa jina, yenye namba -3. Na "kweli" ya VARIANT ni -1 kwenye biti 16, si 1.

Maneno yanakatika au yana mkia wa takataka

Umetuma `CWString`, maandishi ya mtindo wa C, pahala pa BSTR. Zote ni UTF-16 na zote zinaishia na sifuri, lakini BSTR ina baiti 4 za urefu zilizokaa kabla ya herufi ya kwanza. Anayepokea anarudi nyuma baiti nne na kusoma chochote kilichokuwa hapo. Tengeneza kwa `SysAllocStringLen`, achia kwa `SysFreeString`, na usiichanganye na `free`.

Hapa kwetu kosa la herufi linajificha vizuri, kwa sababu Kiswahili karibu chote kinaingia kwenye ASCII. Msimbo unaotupa baiti ya juu ya kila herufi utapita majaribio yako yote, mpaka mtu abandike "ng’ombe" kutoka Word, yenye ile alama iliyopinda ambayo ni U+2019. Weka neno hilo kwenye majaribio yako. Liko kwenye yangu.

Seli inatoa thamani ya zamani

Umebadilisha A1, Excel imekokotoa, unasoma B1 na kupata ya mwanzo. Angalia kama fanksheni ya kusoma imetangazwa bila `IO`, au imefichwa ndani ya `unsafePerformIO`. Umemwambia GHC kwamba ni fanksheni safi, na fanksheni safi ikiitwa mara mbili kwa hoja zilezile jibu ni lilelile, kwa hiyo ana haki ya kulikumbuka la kwanza. Haskell haijakosea, ulichoitangazia si kweli.

0x80040154 ingawa kijenzi kimesajiliwa

Msimbo huu unasema kijenzi hakijasajiliwa. Prosesi ya biti 64 haiwezi kupakia DLL (faili la msimbo linaloingizwa ndani ya prosesi) ya biti 32, na rejista ya vijenzi vya biti 32 iko kando, chini ya WOW6432Node. Kwa hiyo hakikisha umesajili kwa `regsvr32` inayofanana. Ya biti 64 iko kwenye folda ya System32 na ya biti 32 iko kwenye SysWOW64. Ndiyo, majina yamekaa kinyume, na wote tumeshapotea hapo. Kama biti zinalingana, kagua jinsi unavyoandika GUID, namba inayokitambulisha kijenzi, kwenye kumbukumbu: sehemu zake tatu za kwanza ni namba za biti 32, 16 na 16 zinazoanza na baiti ndogo. Ukizimwaga baiti 16 kwa mpangilio unaosomeka kwenye maandishi, unatafuta kijenzi ambacho hakipo.

Haskell ikiwa ndiyo kijenzi

Ukigeuza upande, ukaandika kijenzi kwa Haskell ili Excel ikiite, jedwali la fanksheni unalijenga kwa `foreign import "wrapper"`. Kila pointa inayotoka hapo inabaki hai mpaka uite `freeHaskellFunPtr`. Mzoa taka haigusi. Ukiiachia mapema, mwito unaofuata unatua kwenye kiwanja kilichobomolewa. Usiiachie ukiwa ndani ya mwito wake mwenyewe, kwa mfano Release inayofika sifuri na kulibomoa jedwali inamokaa. Rahisi zaidi ni jedwali moja kwa aina nzima, lisiloachiwa kamwe, na kila kitu kiwe na `StablePtr` yake.

Kosa la Haskell lisivuke mpaka. Likitoka nje ya mwito, GHC inaizima prosesi, na prosesi hiyo ni Excel ya mteja na kazi yake ambayo hajaihifadhi. Zungushia mwili mzima `catch`, urudishe HRESULT ya kosa. Halafu kuna mtego wa uvivu: `return` inatoa ahadi isiyokokotolewa, `catch` inaikubali na kuondoka, ahadi inafunguliwa baadaye wakati GHC inakabidhi jibu, na kosa linalipuka nje ya ulinzi. Andika `evaluate` badala ya `return` kwenye mstari wa mwisho.

Usiite `hs_init`, inayoiwasha GHC, ndani ya `DllMain`, fanksheni inayoitwa DLL inapopakiwa, kwa sababu Windows inashikilia kufuli ya kupakia wakati huo na unaweza kujifungia humo. Iite mara ya kwanza `DllGetClassObject`, mlango ambao COM huombea kijenzi, inapoombwa. Na Excel ikianguka dakika chache baada ya mteja kuacha kutumia kijenzi chako, DLL imepakuliwa huku thredi za GHC zikiwa bado zinatembea ndani yake. Wala huwezi kuita `hs_exit`, inayoizima GHC, kisha `hs_init` tena ukitumaini kuanza upya. Fanya `DllCanUnloadNow`, ambayo COM huiuliza kama DLL inaweza kupakuliwa, irudishe S_FALSE siku zote, na DLL itabaki mpaka prosesi yenyewe iishe.